Nani Alijificha Pomonda?

Ukimwambia mtu wa Songea kwamba unakwenda kupiga picha za ngome za kando ya ziwa, atakuuliza viza ya Uswisi umeipata lini. Ana haki ya kuuliza. Ngome ya ziwani tuliyonayo vichwani ni ile ya kwenye kalenda: Chillon, imekaa juu ya mwamba kwenye ukingo wa Ziwa Geneva, minara inajitazama majini na milima ya theluji imesimama nyuma. Lord Byron alipita pale mwaka 1816 akatunga shairi refu juu ya mfungwa wa humo, na tangu hapo wageni hawajakatika. Tanzania nayo, ukitafuta sana, inayo ya kwake: boma la Wajerumani la Kasanga, Ziwa Tanganyika, walilolipa jina la kansela wao, Bismarckburg. Waingereza walilitwaa Juni 1916, askari waliokuwamo wakiwa wameshaponyoka usiku. Mwenye hamu ya kuta za kale zinazotazama maji na aende huko.

Mwambao wa Ruvuma kwenye Ziwa Nyasa hauna kitu cha namna hiyo. Kutoka Lituhi kushuka Liuli, Mbamba Bay, hadi kule ziwa linakopakana na Msumbiji, hutakuta mnara wala ukuta wenye matundu ya bunduki. Utakuta mawe makubwa, makanisa ya matofali, mitumbwi iliyovutwa mchangani na vichanja vya kuanikia usipa. Mpiga picha aliyekuja na kalenda kichwani ataondoka siku ya pili akisema mandhari ni nzuri ila hakuna historia. Hapo ndipo ninapotofautiana naye. Ukingo huu umekimbiwa, umevamiwa, umepigwa mizinga, na umegawanywa na wakubwa waliokuwa mbali. Watu walijihami kweli. Ila hawakuwa na nafasi ya kujenga, na mara nyingi hawakuhitaji kujenga, kwa sababu milima na mawe vilikuwapo tayari.

Safari inaanzia juu, Mbinga mjini, kwenye kahawa na baridi. Ukishika barabara ya Mbamba Bay, ambayo siku hizi ni lami, kilomita sitini na kitu, unashuka kutoka Umatengo, nchi iliyo zaidi ya mita elfu moja juu ya usawa wa bahari, hadi kwenye maji yaliyo chini ya mita mia tano. Masikio yanaziba, koti linavuliwa. Wengi hupitiliza, wanataka ziwa. Mimi huwaambia wasimame njiani, kwa sababu ngome ya kwanza iko mlimani na imepandwa maharage.

Wangoni walipotulia upande wa Songea katika karne ya 19, baada ya msafara mrefu uliotoka kusini mwa Afrika na kuvuka mto Zambezi mwaka 1835, majirani zao hawakulala tena usingizi wa raha. Wamatengo walipanda milimani, wakajibana kwenye miteremko na mapango, Litembo na kwingineko. Lakini mlima ukikupokea unakudai. Mteremko ni mkali, mvua ni nyingi, na udongo haukai mahali pake. Watu waliobanwa eneo dogo hawawezi kuhamahama wakiacha mashamba yapumzike. Kilimo cha ngolo ndicho kilichowawezesha kuishi pale.

Ngolo inaanza mvua zinapokaribia ukingoni, Februari na Machi. Wanaume hufyeka majani marefu na kuyaacha yanyauke. Kisha huyapanga kwa mafungu, mistari inakatana na mistari, hadi shamba zima linakuwa na vyumba vya mraba. Hapo wanawake huingia na majembe. Udongo wa katikati ya kila chumba huchotwa na kufunika majani ya pembeni, na pale katikati hubaki shimo. Maharage hupandwa juu ya matuta. Mahindi hufuata msimu mwingine. Mvua ikinyesha, maji hayapati njia ya kukimbia. Hutumbukia shimoni, hutulia, hunywea taratibu, na udongo uliotaka kuondoka nayo unaishia humohumo. Magugu nayo yakipaliliwa hutupwa shimoni yakaoza, na ngolo mpya inapochimbwa shimo la zamani hugeuka kuwa makutano ya matuta mapya. Simama kwenye tuta moja ulikanyage kidogo: utasikia majani yakibonyea chini ya udongo. Moyo wa ukuta wenyewe ni mboji.

Kuipiga picha ngolo kuna saa yake. Adhuhuri, jua likiwa utosini, mashimo yote hupotea na unachopata ni mlima wa kijani kama mwingine wowote. Asubuhi, mwanga ukija kwa ubavu, kila shimo hushika kivuli chake na mlima mzima husomeka tuta kwa tuta. Hapo utaona kazi ya mikono isiyo na hesabu, na sehemu kubwa ya mikono hiyo ni ya wanawake. Kuta za Chillon zilijengwa ili watu wasiingie, na baadaye ili wafungwa wasitoke. Ngolo ilizuia udongo tu, na kwa kuuzuia udongo iliwafanya waliokimbilia mlimani waweze kubaki mlimani. Sijui ngome gani imefanya kazi yake vizuri zaidi ya hiyo, wala ambayo bado inalisha watu kila mwaka.

Ukifika chini, habari inabadilika. Huku ni kwa Wanyasa, Wampoto na Wamanda, watu wa maji, na tangu 2012 ni wilaya inayojitegemea, Nyasa, iliyomegwa kutoka Mbinga. Milima inaishia karibu na mchanga, na mawe makubwa yamesambaa hadi ndani ya ziwa, kati yake wakiishi wale samaki wadogo wa rangirangi ambao wageni huwanunua ili kuwafuga kwenye matangi ya kioo. Liuli ndiko penye jiwe lenyewe, Pomonda. Wenyeji husimulia kwamba watu walijificha humo nyakati za hatari, wavamizi walipokuja, na tena wakati wa vita ya Wazungu. Wajerumani walipofika waliona kitu kingine. Waliona umbo la Sphinx, yule simba wa mawe wa Misri mwenye uso wa mtu, na bandari wakaiita Sphinxhafen. Jiwe ni lilelile. Mmoja aliliona kuwa mahali pa kuingia na watoto wake, mwingine akaliona kuwa sanamu ya kutazamwa kutoka sitaha ya meli. Kamera nyingi zinazofika Liuli leo bado zinatazama kutoka sitahani.

Na meli yenyewe ina kisa. Wajerumani hawakuweka ngome ya mawe Liuli. Ngome yao ilikuwa inaelea. Ilitengenezwa kwao, ikasafirishwa kwa vipande kupitia mito ya Zambezi na Shire, na mahali maji yalipokataa, vipande vikapanda mabegani mwa wapagazi. Ilishushwa ziwani mwaka 1893. Sehemu ya fedha zake ilitokana na bahati nasibu iliyochezwa Ujerumani kwa jina la kupiga vita biashara ya utumwa, na jina walilolichora ubavuni ni Hermann von Wissmann, mtu aliyeongoza vita vya kuuvunja upinzani wa pwani na ambaye chini yake kiongozi wa upinzani huo, Abushiri, alinyongwa Pangani, Desemba 1889. Meli ya kukomboa watu ikabeba jina la mnyongaji. Sijawahi kuona mtu akilieleza hilo kwa mgeni anayepigwa picha pale ufukweni.

Agosti 13, 1914, Hermann von Wissmann ilikuwa imepandishwa nchi kavu Liuli kwa matengenezo. Vita ilikuwa imetangazwa Ulaya siku chache tu kabla, na nahodha wake, Berndt, hakuwa amepata habari. Upande wa pili alikuwapo Rhoades, nahodha wa meli ya Waingereza, Gwendolen; inasimuliwa kwamba wawili hao walikuwa marafiki wa kunywa pamoja kila meli zao zilipokutana bandarini. Rhoades akaja na mzinga wake mdogo na kuipiga meli iliyokaa bila kujitetea. Berndt akapanda kimtumbwi, akapiga makasia hadi ubavuni mwa Gwendolen kwa hasira, kumuuliza rafiki yake kama amelewa. Akaambiwa kuna vita, na kwamba yeye sasa ni mateka. Mara nyingi tukio hili huhesabiwa kuwa pambano la kwanza la majini la Vita Kuu ya Kwanza. Mei 1915 Waingereza walirudi, wakashuka Liuli kuhakikisha meli haitaelea tena dhidi yao. Baada ya vita waliitengeneza wenyewe, wakaipa jina la mfalme wao, King George V, ikaendelea kubeba mizigo ziwani humohumo.

Vitabu vya Ulaya hukisimulia kisa hiki kwa kicheko, na kweli kinachekesha, ukiwa unakisoma London. Manahodha wote wawili tunawajua kwa majina, tunajua walivyokunywa na walivyogombana. Ila mzinga ule ulilia juu ya kijiji. Kulikuwa na watu waliokuwa wakianika samaki, wakitwanga, wakichota maji. Je, ndio waliokimbilia Pomonda? Walikaa humo hadi lini? Maswali haya hayakuulizwa na mtu yeyote mwenye kalamu mwaka ule, na sasa majibu yake yako kwenye vinywa vya wajukuu wa wale waliokuwapo, yakipungua kila msiba unapotokea.

Nitie neno moja kuhusu mpaka, kwa sababu mpiga picha hawezi kuukwepa. Julai 1, 1890 Uingereza na Ujerumani zilitia saini mkataba uliogawa sehemu hizi, na mstari ukapitishwa ukingoni mwa ziwa upande wetu. Malawi inaushikilia mstari huo hadi leo. Tanzania inasema mpaka unapita katikati ya maji, kama ilivyo desturi ya maziwa mengi yanayopakanisha nchi. Kwa tafsiri ya kwanza, mama wa Mbamba Bay anayefua nguo maji yakimfika magotini yuko nchi ya nje, na wewe unayempiga picha ukiwa mchangani umebaki Tanzania. Sijaona ukuta wa ngome uliokuwa na ujasiri wa kiasi hicho.

Wamisionari nao walijenga. Jengo lao kubwa ni kanisa kuu la Mtakatifu Petro kisiwani Likoma, ng'ambo, katika eneo la Malawi lililozungukwa na maji ya Msumbiji. Wamisionari wa Kianglikana wa UMCA walianza kulijenga mwaka 1903, na urefu wake unakaribia mita mia moja, ukubwa wa baadhi ya makanisa makuu ya Uingereza. Mwenye kiu ya mawe yaliyopangwa atashiba pale. Lakini mimi hunivuta zaidi kaburi lililoko Liuli, la Padri William Percival Johnson. Alifika ziwani miaka ya 1880, akaugua macho mpaka jicho moja likafa na la pili likadhoofu sana, akaendelea kutembea mwambao huu kwa miguu na kwa meli za misheni akitafsiri maandiko kwa Kinyanja, hadi alipofariki Liuli mwaka 1928. Alikuwa karibu kipofu, na bado aliandika kitabu kizima kuhusu ziwa hili na watu wake. Sisi tuna macho mawili na simu yenye lenzi tatu.

Hapo ndipo ninapotaka kufika. Jengo hujieleza nusu. Ukiona mnara unajua mtu aliukusudia. Hata bila mwongoza watalii utakisia kwamba kulikuwa na mtawala, maadui na hofu. Jiwe halina kusudi linaloonekana. Pango halionyeshi alama ya aliyelala humo kwa woga. Picha ya Chillon isiyo na maelezo bado ni picha ya ngome, lakini picha ya Pomonda isiyo na maelezo ni picha ya jiwe. Kwa hiyo kazi ya mpiga picha wa mwambao huu, nusu yake hufanyika baada ya kamera kuzimwa, kwa kalamu, pale chini ya picha.

Na tumeshaona maelezo yakiandikwa vibaya huwa namna gani. Katika maktaba ya chuo kikuu cha Frankfurt kuna hazina ya makumi ya maelfu ya picha zilizopigwa enzi za makoloni ya Ujerumani, nyingi sasa unaweza kuzitazama kwa intaneti. Zifungue za Afrika Mashariki, usome maandishi yake. Mara nyingi Mzungu ana jina na cheo. Bandari ina jina. Meli ina jina. Walioibeba meli wameandikwa wapagazi. Wanawake wameandikwa wanawake wa kabila fulani, basi. Tunalalamika, na tuna haki ya kulalamika. Kisha tunashuka Mbamba Bay mwisho wa wiki, tunapiga picha za wavuvi wakati wa machweo, tunazirusha mitandaoni na maneno mawili, "Nyasa vibes". Mjerumani wa 1905 angalau aliandika tarehe.

Mzee mmoja niliyemkuta Liuli akishona wavu alinipa mtazamo wake wa jambo hili bila kuzunguka. Nilimsalimu, "Shikamoo babu," nikaomba kumpiga picha akiwa na jiwe nyuma yake.

"Marahaba, mjukuu wangu. Piga. Wote wanapiga."

"Huwa wanakuletea?"

"Nani alete? Mimi sura yangu iko Dar es Salaam, iko Ulaya, huku nyumbani haipo."

Akacheka, akavuta uzi kwa meno, akaendelea kushona. Ndipo akaanza kunieleza, bila kuulizwa, ni upande gani wa jiwe mtumbwi unaweza kukaribia ziwa likichafuka na ni upande gani utavunjika. Maelezo ya picha yangu yalikuwa hayo. Mtu asiyejua upande wa kukaribia hawezi kujificha Pomonda. Waliojificha walikuwa watu wa pale, wenye elimu ya maji yale, na elimu hiyo bado inatumika kila alfajiri kwa shughuli nyingine.

Kwa wenye kamera, niseme na mambo ya ufundi, maana ukingo huu una tabia zake. Tuko mashariki ya ziwa. Asubuhi jua huchelewa kufika mchangani kwa sababu linapanda kwanza nyuma ya milima, na jioni linazama majini mbele yako. Ukisimama ufukweni wakati wa machweo utapata anga la rangi ya machungwa na jiwe jeusi tititi. Picha hiyo inapendwa sana na haisemi lolote. Panda mtumbwi au boti alasiri, kama saa tisa au saa kumi, jua likiwa mgongoni kwako. Hapo uso wa jiwe unaotazama ziwa hufunguka, nyufa na vivuli vyake vikaonekana, na mtu anayetazama anaanza kuelewa jinsi binadamu anavyoweza kupotelea humo. Epuka kati ya Mei na Agosti kama moyo wako ni mwepesi, kwa sababu upepo wa kusini huliamsha ziwa na wavuvi wenyewe huuheshimu. Droni isirushwe bila kibali, na mpakani hapa hilo si jambo la kufanyia mzaha. Mtu usimpige kabla hujamsalimu.

Kisha daftari. Andika jina la mahali kama wenyeji wanavyolitaja, na jina la zamani kama lipo. Andika tarehe. Andika aliyekueleza, kama ameridhia jina lake liandikwe, na habari hiyo aliisikia kwa nani: kwa bibi mzaa baba, kwa mjomba, kwa katekista. Wakitofautiana, andika wote wawili. Songea kuna Makumbusho ya Vita vya Majimaji, na picha zenye maelezo kamili ni za kupelekwa huko na kwenye shule za Liuli, Lituhi na Litembo, ambako watoto hufundishwa Fort Jesus ya Mombasa na hawajaambiwa kitu kuhusu mwamba wanaouona wakichota maji.

Ukipita huko mwaka huu, picha utakazorudi nazo zisafishe nakala mbilimbili. Moja ni yako. Ya pili andika nyuma yake kila ulichoambiwa, umpe dereva wa basi la Mbinga kwenda Mbamba Bay, naye atamfikishia aliyekuambia.